Tai wa Zambia na Samaki Aliyeondolewa

Tunapofundishwa ishara za taifa, mara nyingi tunapewa jibu moja: simba ni nguvu, tai ni uhuru. Ninaliona jibu hilo kuwa jepesi mno, na mfano wangu ni nembo ya jirani zetu wa Zambia.

Nembo hiyo ilianza kutumika mwaka 1964, nchi ilipopata uhuru, lakini haikubuniwa upya yote. Koloni la Rhodesia ya Kaskazini lilikuwa na ngao yake tangu mwaka 1939. Sehemu ya chini ilikuwa nyeusi yenye mistari myeupe ya mawimbi, kuwakilisha Maporomoko ya Victoria. Sehemu ya juu alikuwepo furukombe, yule tai mla samaki, akiwa amebana samaki kwa kucha. Mwaka 1964 mawimbi yalibaki kwenye ngao. Tai alitolewa ndani ya ngao akawekwa juu yake, na samaki akaondolewa. Chini ya tai pakawekwa jembe na sururu vilivyopishana.

Maelezo ya kawaida ni kwamba tai huyu ni uhuru na uwezo wa watu kuyashinda matatizo. Sipingi, ila maelezo hayo yangemfaa ndege yeyote arukaye juu. Babu yangu, mvuvi wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, alimwita furukombe mwizi, kwa kuwa humnyang'anya hata ndege mwingine samaki aliyekwisha kumkamata. Kwa jicho la mvuvi, ngao ya 1939 ilisema ukweli kuliko ilivyokusudia: mtawala yuko juu, na chakula kimo katika kucha zake.

Kwa hiyo ninadai kwamba badiliko kubwa la 1964 ni kuondolewa kwa samaki. Tai mpya hana alichonyakua. Riziki imehamia kwenye jembe la mkulima na sururu ya mchimba shaba.

Hata hivyo, kucha ni zile zile, na tai bado amesimama juu ya vifaa vya kazi asivyovitumia yeye. Nembo haimzuii kiongozi yeyote kunyakua tena. Basi tunapochambua nembo, tusiishie kuuliza amechorwa mnyama gani. Tuulize pia ameshika nini, na alichokishika ni cha nani.