Goli Lile ni la Nani?

Mwezi wa tano, baridi ya Mbeya inapoanza kuuma, mimi hukaa nyuma ya goli pale uwanja wa Sokoine na daftari mapajani. Wajelajela, timu ya nyumbani, wakifungwa, walio kando yangu humrukia kipa kwa matusi. Mimi huandika: shuti limetoka wapi, beki alikuwa wapi, mpira umemgusa nani njiani. Nilifanya hivyo hivyo Samora, Iringa, Lipuli ilipokuwa Ligi Kuu. Wananiona mwehu kidogo.

Tabia hii sikuipata kwenye soka. Niliiokota kwenye besiboli, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye sinema tu. Mtu wake mkuu ni mrushaji. Mfikirie yule msichana anayerusha mpira kwenye rede, ila anayerushiwa ana gongo mkononi na ruhusa ya kujibu.

Kwa zaidi ya miaka mia mrushaji alipimwa kwa wastani mmoja: alama alizofungwa, zidisha kwa 9, gawa kwa zamu alizorusha. Makosa ya wazi ya wenzake hayahesabiwi. Lakini mlinzi mzito wa miguu, asiyeufikia mpira kabisa, haandikiwi kosa, na alama inamwangukia mrushaji. Kipa yeyote wa huku anaijua dhuluma hiyo.

Mwaka 2001 Voros McCracken alitoa hoja iliyowaudhi wengi: mpira ukishagongwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji hana usemi mkubwa kama utadakwa au utapenya. Waliomfuata walimpunguzia makali, kiini kikabaki. Kikaja kipimo cha FIP, kinachohesabu yale tu ambayo walinzi hawayagusi. Kila mpira uliopigwa ukavuka ukuta, 13. Kila mpigaji aliyepewa kituo cha bure, au aliyepigwa na mpira, 3. Kila aliyetolewa bila kugonga, ondoa 2. Gawa kwa zamu, ongeza kama 3.1 ili jibu lifanane na wastani wa zamani. Basi. Fundi seremala hatumii vipimo vingi kuliko hivyo.

Utamu wake uko kwa Pedro Martínez wa Boston. Wastani wake mwaka 1999 ulikuwa 2.07, na mwaka 2000 ukashuka hadi 1.74. Kwa macho ya kawaida mwaka wa pili ndio bora, na watu wengi bado wanasema hivyo. Sasa fungua daftari. Mwaka 1999 aliwatoa 313 bila kugonga, akatoa vituo vya bure 37, na mipira 9 tu ikavuka ukuta. Mwaka 2000 waliotolewa ni 284, vituo vya bure 32, iliyovuka ukuta 17. FIP inasema 1.39 kwa mwaka wa kwanza na 2.17 kwa wa pili. Mwaka 1999 mipira iliyogongwa ilimpenyea mno. Uliofuata ikaangukia mikononi mwa wenzake. Mimi naisimamia 1999.

Soka nayo ina mizani ya namna hii: kila shuti lililolenga goli hupewa uzito wa uwezekano wa kuingia. Penalti ni karibu 0.8. Jumlisha uzito wote, toa magoli aliyofungwa kipa, kinachobaki ndicho chake. Penalti ndiyo inayomwacha kipa peke yake kama mrushaji, na ndiyo maana Juma Kaseja bado anatajwa kwa mikwaju ya Simba na Zamalek kule Cairo mwaka 2003. Hata hivyo mikwaju ya usiku mmoja ni haba mno kumpimia mtu.

Na kuna hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Faulo ya mbali inafika mapema na inapinda kidogo kuliko kipa mgeni alivyozoea. Wamarekani wana Denver, kimo kimoja na Iringa, mita 1,600. Uwanja wa Coors Field ulipofunguliwa mwaka 1995 ukawa kaburi la warushaji, hata kuanzia 2002 mipira ikahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu. Mhesabu makini huupa kila uwanja punguzo lake kabla ya kumhukumu mtu.

Hapo Coors Field ndipo Mjapani Hideo Nomo, tarehe 17 Septemba 1996, alirusha zamu zote 9 bila mpigaji hata mmoja kufika kituoni kwa kugonga. Aliwatoa 8 bila kugonga na kutoa vituo vya bure 4, kwa hiyo FIP ya siku hiyo ingempa kitu kati ya 2 na 3 tu. Hadi leo hakuna mrushaji mwingine aliyeweza kurudia jambo lile pale.