Ngoma na Uzima wa Mwili na Moyo katika Usukuma

Imekuwa desturi kusema kwamba muziki ni dawa. Husemwa redioni, husemwa na vijana vijiweni, na hata katika insha za wanafunzi wetu wa sekondari sentensi hiyo haikosekani. Sisi hatuikatai. Lakini dawa yoyote huulizwa maswali matatu: hutibu ugonjwa gani, hutolewa kwa kipimo gani, na ni nani anayeitoa. Mwenye kusifu dawa bila ya kuyajibu maswali hayo ni mchuuzi, si mganga. Katika makala haya tunakusudia kuyauliza maswali hayo juu ya muziki wa Usukuma, hasa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, nchi tuliyokulia na ambayo tumeitumikia kwa miaka mingi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, ngoma haina maana moja. Ngoma ni chombo kinachopigwa. Ngoma ni mchezo unaochezwa. Na ngoma ni shughuli ya uganga, kama isemwavyo kwamba mgonjwa fulani amepigiwa ngoma. Mtaalamu John Janzen, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1992, alionyesha kwamba maana hiyo ya tatu imeenea sana katika Afrika ya Kati na ya Kusini, na Dar es Salaam ilikuwa mmojawapo wa miji aliyoifanyia utafiti. Usukumani tunao Waswezi, chama cha mizimu ambacho ngoma zake hazikukusudiwa kuwafurahisha watazamaji. Zilipigwa kwa ajili ya mgonjwa na jamaa zake. Yafaa tuangalie jambo moja hapo: mgonjwa haachwi kitandani asikilize. Huletwa katikati ya watu, huimbiwa, hufundishwa kuitikia, na aghalabu aliyeingia akiwa mgonjwa hutoka akiwa mmoja wa chama. Basi wazee wetu hawakujua muziki wa kusikilizwa tu. Kwao kusikia kulikuwa mlango, na nyumba yenyewe ilikuwa ni kushiriki.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa shambani. Katika Usukuma kulimiana ni jambo la kale, na vyama vya vijana wa kulima vilikuwa na nyimbo zao na wapiga ngoma wao. Mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, na anayekisoma ataona kwamba hakuna kazi nzito iliyoachwa bila wimbo. Mashuhuri kuliko zote ni bugobogobo, ngoma ya jembe. Tungali tukikumbuka shamba la pamba la mjomba wetu, tulipokuwa wadogo wa kubeba maji tu. Vijana walijipanga mstari mmoja. Ngoma ililia kando yao. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja. Aliyechoka hakuambiwa apumzike wala hakukemewa. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, alibadili wimbo, mapigo yakapungua, na mstari mzima ukapata pumzi. Halafu mapigo yakapanda tena, na hodari mmoja akalirusha jembe lake hewani akalidaka, wenzake wakacheka, na uchovu ukasahaulika kwa muda wa tuta jingine.

Watoto hatukuelewa lililokuwa likitendeka. Leo twaweza kulieleza. Kazi ya jembe huumiza kwa sababu mbili: mwili hutumia nguvu bila mpango, na akili hubaki ikihesabu masafa yaliyosalia. Mapigo ya ngoma huzitibu zote mbili. Huipa pumzi mwendo mmoja, hivyo nguvu haipotei. Na huipa akili kitu kingine cha kufuata. Tena liko jambo la tatu, la kuwa pamoja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 264 wa sekondari nchini Brazil. Waliwachezesha katika vikundi, wengine kwa mwendo mmoja na wengine kila mtu kwa mwendo wake, wengine kwa nguvu na wengine kwa upole. Kisha wakapima ni kiasi gani cha maumivu mwili waweza kuvumilia. Walioona faida ni wale waliotumia nguvu, na pia wale waliokwenda sawa na wenzao. Kila sababu ilifanya kazi yake peke yake. Mkulima wa Shinyanga alizitumia sababu zote mbili kwa pamoja, asubuhi kwa asubuhi, pasipo maabara.

Nalo Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, likakubali kwamba sanaa yaweza kusaidia katika kuzuia maradhi na katika kuwatunza wagonjwa. Hatuitaji taarifa hiyo ili wazee wetu wapate cheti kutoka ng'ambo. Twaitaja ili mwanafunzi asidhani kwamba jambo la kwao ni la kuonewa haya mpaka mgeni aliseme.

Lakini palipo na dawa pana kipimo, na hapa ndipo wazee walipokuwa na busara kuliko sisi. Kila msomaji kutoka Usukuma anazijua pande mbili, Wagika na Wagalu, zilizoanzishwa na mafundi wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Pande hizo hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na umati ndio hakimu: wanakokimbilia watu, huko ndiko kwenye ushindi. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, yamesaidia kuuhifadhi ushindani huo, na kila mwaka mwezi wa Juni hukusanyika watu katika sikukuu ya Bulabo. Sasa tuangalie majira. Mashindano hayo ni ya baada ya mavuno, ghala likiwa na chakula na mwili ukihitaji kufunguka. Hayachezwi mvua ikiwa mlangoni na shamba halijalimwa. Wigashe, nyimbo ambazo vijana huziimba wakiwa wameketi, zilikuwa na saa yake. Nyimbo za jembe zilikuwa na saa yake. Na kilio kilikuwa na nyimbo zake. Kalenda hiyo ndiyo iliyokuwa kijiko cha dawa.

Wala tusiwapambe wazee kupita kiasi. Katika ushindani wa Wagika na Wagalu zimo nyimbo za kejeli zilizomtaja mtu na aibu yake mbele ya umati, na aliyeimbwa hivyo hakurudi nyumbani akiwa na nafuu. Sauti ile ile inayoponya yaweza kujeruhi. Ndiyo maana manju aliheshimiwa na pia aliogopwa, na ndiyo maana hatukubali kwamba muziki, kwa kuwa ni muziki tu, ni kitu chema.

Kutoka shambani twende mgodini, kwa kuwa vijana wengi wa mashamba yale ndiko walikokwenda. Madini si jambo geni kwetu. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson. Mgodi wa dhahabu wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966. Na migodi mikubwa ya sasa ilianza uzalishaji Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wengi, walioyaacha majembe wakashika nyundo na tindo. Mtu akifika katika machimbo kama ya Nyarugusu au Rwamgasa, la kwanza analokutana nalo ni sauti. Karasha husaga mawe; jenereta hunguruma; na kila kibanda kina spika yake, na kila spika ina wimbo wake. Mtu mmoja akiongeza sauti, jirani yake huongeza zaidi. Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Siku hizi ngoma ya plastiki na umeme haipasuki. Kinachopasuka ni sikio. Wataalamu wa afya ya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ni mpaka wa hatari, na kibanda chenye spika kando ya karasha hakiuheshimu mpaka huo.

Tena mchimbaji ana haja ya sikio kuliko watu wengi. Katika duara, mbali na mwanga, mwamba mara nyingi hutoa mlio kabla ya kuanguka, na mwenzako aliye juu hukuonya kwa sauti. Kijana aliyeziba masikio yake kwa vipokea sauti ili wimbo umsahaulishe uchovu, huenda umemsahaulisha pia uhai wake. Jembe lilikuwa na wimbo kwa sababu wimbo uliifuata kazi. Wimbo wa simu hauijui kazi ya anayeusikiliza. Haupunguzi mwendo anapochoka wala haunyamazi inapotakiwa anyamaze. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yetu. Manju aliwatazama watu wake. Spika haimtazami mtu.

Hata hivyo, haki itendeke. Tumewahi kulala katika kambi ya wachimbaji, na usiku karasha ziliponyamaza tulimsikia kijana mmoja katika hema ya jirani akicheza simuni, kwa sauti ndogo, wimbo wa Kisukuma wenye mapigo ya kwao. Wenzake wawili wakaitikia. Haukupita muda, watu sita au saba walikuwa nje wamekaa chini, wakiimba wigashe kwa kumbukumbu, na simu ilikuwa imezimwa. Hawa walikuwa hawajapata dhahabu kwa wiki kadhaa, na wengine hawakuthubutu kurudi nyumbani mikono mitupu. Wimbo haukuwapa fedha. Uliwarudishia majina yao, ukoo wao na vijiji vyao, na asubuhi tuliwaona wakisalimiana kama ndugu. Basi chombo si adui. Simu ile ilikuwa mbegu. Walipoipanda katikati yao, ikaota ngoma.

Yafaa pia tuseme wazi kile ambacho dawa hii haiwezi. Vumbi la mawe likishakaa mapafuni haliondolewi na wimbo. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huingia mwilini na kuharibu neva, na mkono unaotetemeka kwa zebaki hautulizwi na zeze. Hao wanahitaji hospitali, vifaa vya kujikinga na sheria inayofuatwa. Na mwenye duara anayewapigia vijana muziki wa kuwachangamsha ili wafanye kazi saa nyingi kwa malipo kidogo, huyo haganga. Huyo anatumia ngoma badala ya kiboko. Shambani, mwenye shamba leo alikuwa mlimaji wa kesho katika shamba la jirani. Wimbo ulikuwa wa wote kwa sababu na jasho lilikuwa la wote.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana mhakiki asiyejihakiki ni hakimu wa upande mmoja. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge baada ya nchi kuwa Jamhuri, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na alieleza kwa uchungu jinsi shule zilivyotufundisha nyimbo za Wazungu na kuziacha zetu. Sisi tuliingia katika utumishi tukiwa na maneno hayo moyoni. Na tulifanya nini? Tulipanga ngoma za mapokezi. Tukumbuke siku moja kati ya nyingi. Kikundi cha wakulima wa bugobogobo, wengi wao watu wazima, kilifika uwanjani alfajiri. Mgeni alichelewa. Saa kumi jioni wakaambiwa wacheze dakika tano, na ilipofika ya nne sisi wenyewe tukainua mkono wa kuwazuia, kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana. Mpiga ngoma mmoja mzee alitujia baadaye, akasema kwa upole: "Bwana Utamaduni, mwanangu, mmetukatisha kabla mwili haujapata moto."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Mzee yule alikuwa ametaja kipimo cha dawa, na sisi tuliokabidhiwa dawa tulikuwa hatukijui. Tuliitoa ngoma shambani tukaiweka jukwaani. Tukawatenga wachezaji na watazamaji. Tukawapa wale jasho bila nafuu, na hawa tamasha bila ushirika. Kisha tukaandika katika taarifa kwamba utamaduni umedumishwa. Spika ya machimboni haikuwa ya kwanza kumsahau mtu. Ratiba yetu ilitangulia.

Turudi basi kwenye maswali yetu matatu. Muziki wa Usukuma hutibu uchovu, upweke na huzuni. Hautibu vumbi, zebaki wala dhuluma. Kipimo chake ni kazi, majira na pumzi ya watu wenyewe. Na mwenye kuitoa ni manju anayewatazama watu wake, pamoja na watu wanaomwitikia.

Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kuanza na jambo dogo. Asiwaambie wanafunzi walete wimbo wa asili ili ubandikwe ukutani. Awatume kwa babu na bibi zao na maswali haya: wimbo huu uliimbwa katika kazi gani, katika majira gani, nani alianzisha na nani aliitikia, na ulikoma lini? Kisha wauimbe wakiwa na kazi mikononi: wakipalilia shamba la shule, wakifyeka, wakichota maji. Atakayechoka, mwanzilishi apunguze mwendo. Na zoezi likiwa zuri, kengele ya kipindi isubiri kidogo, mpaka mwili upate moto.