Kitabu cha Mzee Kitereza wa Ukerewe

Watoto wa shule yetu hapa Usagara hulima bustani, na si mara moja tu wameniletea vigae walivyoviokota udongoni, vyenye mistari iliyochorwa kwa mkono wa mtu. Swali lao ni lile lile siku zote: "Mwalimu, ni nani aliyekifinyanga chungu hiki?" Nami huwaeleza ya kwamba kandokando ya Ziwa letu vimefukuliwa vyungu vya kale sana, ambavyo wataalamu huviita vya Urewe, kwa jina la mahali katika Nyanza ya Kenya. Huwaeleza pia habari za Katuruka, katika nchi ya Wahaya, ambako Profesa Peter Schmidt alichimba akaona mabaki ya matanuru ya watu walioyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wazee wa huko ndio waliomwongoza, kwa habari walizozipokea kwa baba zao juu ya mfalme Rugomora Mahe.

Lakini kigae hakisemi yote. Chatujulisha kuwa palikuwa na chungu na moto. Hakitujulishi ni nani aliyelia kando ya moto ule, wala ni nani aliyemtuliza. Kwa sababu hiyo nataka leo kunena juu ya kitabu ambacho kwa maoni yangu kimefukua mambo ambayo jembe haliwezi kuyafikia, nacho ni "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali", cha marehemu Aniceti Kitereza.

Mwandishi huyu si mgeni kwetu, maana mtu apandaye meli Mwanza hufika Ukerewe siku iyo hiyo. Alizaliwa mwaka 1896 katika jamaa ya watawala wa kisiwa kile. Alisomeshwa na Mapadre Weupe, wale wale ambao mwaka 1883 walianza misheni ya Bukumbi karibu nasi, kisha akaingia seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alimtia moyo ayaandike mambo ya wazee. Akakimaliza kitabu mwaka 1945, kwa Kikerewe. Wachapaji hawakukitaka, kwa kuwa wasomaji wa lugha ile ni wachache. Hata uzeeni akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki, asikishike mkononi kitabu kilichochapwa. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza.

Hadithi yenyewe ni ya zamani, kabla Wazungu hawajafika. Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke kwa utasa, mpaka wazazi wake waja kumchukua na kumrudisha kwao. Mume abaki peke yake katika nyumba iliyopoa, hana wa kumpikia wala wa kuzungumza naye. Mwisho ashika njia kwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe. Wakwe wamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi. Akiisha kuilipa, mke arudi, na baadaye watibiwa na mganga Kibuguma, hata wakapata mwana, Ntulanalwo, na kisha binti, Bulihwali.

Watu wengi wakikisimulia kitabu hiki humkimbilia mganga. Mkristo mmoja huogopa kwamba kitabu chasifu uganga, na mwingine hufurahi kwa sababu iyo hiyo. Mimi naona ya kuwa wote wawili wameiruka sehemu iliyo bora. Nyumba ile imeanza kupona kabla mganga hajatajwa. Imeanza kupona siku Myombekere alipokubali kwenda kwa wakwe kwa adabu, akaketi, akasikiliza maneno makali, akakubali kulipa kwa kosa ambalo wenye kulitenda hasa ni ndugu zake. Tena pombe ya mitungi sita si kazi ya mtu mmoja: yataka ndizi, yataka vyombo, yataka majirani. Mwandishi ameeleza namna ya kuitengeneza hatua kwa hatua, na msomaji mvivu atanung'unika kwamba hadithi imesimama. Wala haikusimama. Kila siku pombe ile inapongojwa, heshima ya Bugonoka yarudishwa mbele ya watu wote.

Nasi twaijua habari hii katika Maandiko. Elkana alimpenda Hana ingawa hakuzaa, lakini Penina hakuacha kumchokoza mpaka akashindwa kula. Jeraha la Hana lilikuwa mawili, kukosa mtoto na kusimangwa. Kitereza ameyatenga majeraha hayo mawili, akaonyesha kwamba la pili laweza kuponywa na wanadamu, tena leo hii.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba hakuwasimanga wazee wala hakuwapamba. Yeye ni mtu wa Kanisa, lakini hakuna mahali anaposimama kumhubiri msomaji. Amaeleza salamu zao, uvuvi wao, ugonjwa wao, ugomvi wao, kama mtu aliyekuwapo. Nafikiri alijua kwamba asiyejulikana hawezi kupendwa wala kukosolewa kwa haki.

Kasoro zake nazo nizitaje. Kiswahili chake chanuka Kikerewe, na sentensi nyingine ni ndefu hata pumzi hukatika. Watoto wakiisha kuzaliwa, kitabu chatembea kama msafiri asiyejua atalala wapi: mambo ya Ntulanalwo na ndoa zake ni mengi, na ule uchungu wa kwanza uliotushika moyo wapotea. Lakini kasoro kubwa ni nyingine. Kitabu kimempa Bugonoka mtoto, na kwa hiyo kimekwepa swali gumu kuliko yote: je, kama mtoto asingalikuja?

Jibu halimo kitabuni, ila limo katika maisha ya mwandishi. Yeye na mkewe Anna Katura walizaa, na watoto wao wakafa wangali wadogo. Wakabaki wawili, wala hawakuachana. Nikilikumbuka hilo, naisoma safari ya Myombekere kwa macho mengine. Mtu aliyeandika juu ya nyumba ile iliyopoa alikuwa akiijua.

Nayasema haya kwa kuwa jambo hili halijaisha vijijini mwetu. Nimeona mke Mkristo, aliyefunga ndoa kanisani, akirudishwa kwao na mzigo wake kichwani kwa maneno ya mawifi, na mumewe amenyamaza. Hakuna aliyemwuliza mume kama yeye amepimwa, ingawa waganga wa hospitali hutufundisha kwamba mara nyingi sababu huwa kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Myombekere, ambaye hakupata kusikia Injili, alikwenda kumfuata mkewe. Yatupasa kuona haya.

Basi nawashauri ndugu zangu, nyumba tatu au nne zichange fedha zinunue kitabu hiki, kisomwe kwa sauti jioni, hasa sehemu ya kwanza, wake na waume wakiwapo na mawifi pia. Na watoto wakileta kigae kutoka shambani, msikitupe. Mpelekeeni bibi mzee wa kijiji, mwulizeni chungu cha namna ile kilipikiwa nini na nani, mkaliandike jibu lake kabla hajaondoka.