Anayenunua Kitabu kwa Niaba ya Meza Nzima

Mchezo wa kuigiza mezani unauzwa kama kitabu. Watu wanne au watano wanaketi, mmoja anasimulia mahali na matukio, kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umempata adui au umepita hewani. Aliyekulia kwenye igitaramo, yaani mkesha wa hadithi wa Kinyarwanda, hatashangaa kusikia kwamba watu wanakesha wakisimulia. Kipya kwake ni kwamba kanuni zimechapwa, zimejalidiwa na zina bei.

Ugumu wa mchapishaji unaanzia kwenye hesabu ya waliokaa. Wakiwa watano, anayehitaji kile kitabu kikubwa ni mmoja tu, yaani msimulizi. Wenzake wanaweza kucheza miaka bila kutoa hata faranga moja. Kwa hiyo mbinu karibu zote za kuuza vitabu hivi zinamlenga yeye: namna ya kumpata, namna ya kumshika asiondoke, na vifaa vya kumpa ili awavute wengine. Nazichambua hapa Niboye, Kigali, kwenye mtaa usio na duka hata moja la vitabu hivyo, kwa sababu naamini wachapishaji wetu wa Kigali wana msimulizi wao na bado hawajamfikia.

Mwanzo wa biashara hii ulikuwa mdogo. Mwaka 1974 kampuni ya TSR huko Marekani ilitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za toleo la kwanza, zikapangwa kwenye maboksi kwa mikono na kuuzwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita inayochezwa kwa sanamu ndogo. Tangazo lilikuwa mchezaji mwenyewe. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, kampuni ya Paizo ilionyesha jinsi mchezaji huyo anavyogeuzwa kuwa mtaji. Mwaka 2007 ilipoteza leseni ya kuchapisha majarida ya mchezo huo, Dragon na Dungeon, lakini ilibaki na majina ya waliolipia majarida hayo. Iliwapa nafasi ya kuhamishia salio lao kwenye mfululizo mpya wa visa, Pathfinder, unaotoka kila mwezi. Mwaka 2008 ikatoa kanuni za majaribio kwa PDF bila malipo, ikawaomba wazijaribu na kuzikosoa hadharani. Kitabu kamili kilipotoka Agosti 2009, wanunuzi wake walikuwa wamekisoma, wamekigombania na kukirekebisha kwa mwaka mzima. Nani asingenunua kitabu alichosaidia kukitengeneza?

Mfano wa karibuni unaostahili kukaguliwa hatua kwa hatua ni Avatar Legends wa kampuni ya Magpie Games. Agosti 2021 kampuni hiyo iliomba dola 50,000 kwa njia ya Kickstarter, ambako watu wanalipia kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Ilipata zaidi ya dola milioni 9.5 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 81,000. Sehemu ya mafanikio hayo ni umaarufu wa katuni ambayo mchezo umetokana nayo, na hilo halifundishiki. Mpangilio wa mauzo, hata hivyo, unafundishika.

Kwanza, lilitolewa toleo la kuonja, bure. Nimeona matoleo mengi ya aina hii, na umbo lake halibadiliki sana: kanuni zilizofupishwa, kisa kimoja kamili, na karatasi za wahusika waliokwisha kuundwa. Zitazame hizo karatasi kwa makini. Kila mhusika ana karatasi yake, na kila kitu anachohitaji mchezaji kipo hapohapo. Anayepakua faili ni mtu mmoja, anachapa karatasi nne, anazigawa zote. Ina maana tangazo limeingia mikononi mwa watu wanne ambao mchapishaji hawajui, tena limeletwa na mtu wanayemwamini.

Pili, malengo ya nyongeza. Kila fedha zilipofika kiwango fulani, kitu kilitangazwa kuongezwa, na aliyekwisha kulipa akawa na sababu ya kumsukuma mwenzake alipe. Tatu, baada ya kampeni kufungwa, mchangiaji huletewa fomu ya kuthibitisha anwani na kulipia usafirishaji, na kwenye fomu hiyohiyo anaweza kuongeza dadu, kitabu cha pili au jalada la kifahari. Hayo ni mauzo ya pili, kwa mtu ambaye tayari amefungua pochi. Nne, PDF ilitangulia. Wachangiaji walianza kusoma na kucheza kabla vitabu vizito havijapakiwa melini, na subira ikawa nyepesi.

Sasa tugeukie kwetu. Fedha kutangulia uchapaji si jambo geni Afrika Mashariki. Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada ulikuwa na utaratibu unaoeleweka: mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, naye anabaki na 2,000 za kuuza. Rwanda, Save the Children ilianza kazi kama hiyo takriban mwaka 2013, ikiwahakikishia wachapishaji wa vitabu vya Kinyarwanda ununuzi wa nakala. Mfumo huu uliokoa kazi nyingi. Bila uhakika huo vitabu vingi vya watoto visingechapwa, na sitaki mtu yeyote auponde.

Udhaifu wake uko kwenye daftari la mauzo. Mnunuzi ni mmoja, ni shirika, na anwani inayobaki kwa mchapishaji ni ya ofisi ya shirika hilo. Magpie ilimaliza kampeni ikiwa na wasomaji elfu themanini inaoweza kuwaandikia kesho yake. Mchapishaji aliyeuza nakala 3,000 kwa mkupuo mmoja anaanza kitabu kinachofuata bila jina la msomaji hata mmoja, na zile 2,000 zinamsubiri stoo. Mradi ukifungwa, soko limefungwa.

Na msimulizi wetu yupo. Mradi wa Mureke Dusome, ulioanza mwaka 2016, uliacha vijijini vilabu vya kusoma vinavyoongozwa na watu wa kujitolea wanaowasomea watoto kwa sauti. Huyo ndiye anayeshika kitabu kimoja mbele ya watoto ishirini. Toleo la kuonja la kitabu cha watoto lingekuwa hadithi moja kamili na picha zake, pamoja na karatasi ishirini ambazo kila mtoto anapeleka moja nyumbani, yenye namba ya kuagizia. Huza Press, iliyoanzishwa na Louise Umutoni mwaka 2015, iligusa wazo linalokaribiana na hili kupitia RadioBook Rwanda, ambapo vitabu vidogo vya mfukoni viliandamana na sauti za kusikiliza. Anayesikia anaweza kumsimulia jirani kabla hajanunua.

Kickstarter yenyewe haiwapokei waandaaji walio Rwanda, lakini sehemu zake zote ziko mkononi. Malipo ni MoMo, yaani fedha kwa simu, orodha ya majina ni kundi la WhatsApp, na kitabu kinafika kwa pikipiki hadi mlangoni, kwenye barabara ambayo dereva ameshaizoea. Mzazi wa Niboye hana shida ya kulipa, ana shida ya kumlipa mtu ambaye hajampa kitu. Kwa hiyo siku anapotuma fedha, jioni hiyohiyo apokee kwenye simu sura ya kwanza iliyosomwa kwa sauti na tarehe ambayo kazi itaingia kiwandani, na tarehe hiyo ikisogea apewe habari kabla hajauliza. Nakala mia tatu zilizolipiwa hivyo hazitagharamia uchapaji wa 5,000, ila zinatosha kumwonyesha mpiga chapa oda ya kweli, na kila nakala ina namba ya simu ya mwenyewe.