"Usawa" au "Urari"? Kuhusu Istilahi za Kubuni Fani katika Michezo ya Masimulizi na Dadu

Miongoni mwa michezo ambayo istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili umo ule wa masimulizi na dadu, ambamo watu huketi mezani, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia akachukua nafsi ya mhusika wa kubuni. Mchezo ulioanzisha mkondo huo, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Wahusika wake walikuwa wa namna 3 tu: mpiganaji, mtu wa sihiri na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Tangu hapo wachezaji hawajaacha kujitungia namna nyingine, na hapo ndipo mfasiri anapokwama.

Namna hizo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lilelile ambalo shuleni tunalifasiri "darasa" na katika siasa "tabaka". Yote mawili hayafai. "Darasa" huleta ubao na chaki. "Tabaka", kwa mtu aliyesoma maandishi ya siasa yetu tangu Azimio la Arusha la 1967, huleta mnyonge na mnyonyaji. Mwalimu Nyerere alipoliita tafsiri yake ya Shakespeare *Mabepari wa Venisi* (1969), hapana shaka alijua uzito wa neno alilolichagua. Mfasiri wa mchezo asije akaubeba uzito kama huo kwa bahati mbaya. Tunapendekeza "fani", maana kinachotajwa ni ujuzi wa mhusika, si cheo chake wala mali yake.

Lakini kosa lenye madhara zaidi limo katika neno la pili. Fani mpya hutakiwa isizizidi fani za zamani wala isizidiwe nazo, na neno linalokuja kwanza ulimini ni "usawa". Usawa upo katika bao: kila mchezaji ana kete 32, 10 ubaoni na 22 mkononi, na asichokuwa nacho huyu hana yule. Fani hazijengwi hivyo. Katika toleo la 2014 la mchezo tulioutaja, dadu ya uhai ya mpiganaji ina pande 10, ya msihiri pande 6. Wakifika ngazi ya 5, mpiganaji hupiga mara 2 kila zamu yake, wala hachoki. Msihiri aweza kurusha tufe la moto la dadu 8 za pande 6, yaani wastani wa madhara 28 kwa kila asiyewahi kulikwepa. Lakini nafasi zake za daraja hilo ni 2 tu kabla ya kupumzika. (Kiingereza hutumia neno moja kwa ngazi ya mhusika na daraja la sihiri, na wanaoanza huchanganyikiwa. Sisi tunayo mawili, tuyatumie.)

Msihiri nasema, wala si "mchawi". Katika nchi ambayo Sheria ya Uchawi ya 1928 ingali imo vitabuni, na wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo, jina hilo si la kumpa shujaa wa mchezo.

Uhusiano wa hao wawili mhasibu angeuita "urari": upande huu na ule una vitu tofauti, na jumla zikakutana. Neno hilo washairi wanalo pia, ingawa kwao liko karibu zaidi na ulinganifu. La mhasibu ndilo tunalolihitaji.

Tumchukue mbunifu wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, anayetaka kutunga fani ya msimamizi wa mfereji. Malighafi haikosekani. Mifereji ya kumwagilia mashamba ina zamu zake na wasimamizi wake, na mto ulioipa kata hiyo jina una maji ya rangi ya chai yenye floridi nyingi, ambayo mtu akiyanywa kwa miaka mingi hutia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Msimamizi na apewe uwezo wa kugeuza mkondo: adui akwame, mwenzake anywe apate nguvu. Mbunifu aliyeshika "usawa" atampa dadu ya uhai ya pande 8, katikati ya mpiganaji na msihiri, adhani amemaliza. Aliyeshika "urari" atauliza: huyu analipa nini?

Jibu la kwanza lapendeza masikioni: kila anyweshaye alimbikize dhara, kisha akifika ngazi ya 10 apunguziwe uhai daima, mithili ya floridi mifupani. Lakini hilo ni deni la karatasi tu. Kundi linalocheza jioni moja halitafika ngazi ya 10, na mchezaji mjanja atakopa asilipe. Afadhali gharama ya zamu: afunguaye mfereji mmoja atafunga mwingine, na mwenzake wa upande ule atakosa msaada mpaka zamu ifuatayo. Gharama hiyo huonekana mezani papo hapo, na aliyenyimwa atanung'unika.

Na iandikwe "atafunga", si "anaweza kufunga". Tafsiri nyingi za kanuni hulegea hapo. Mchezaji akiachiwa hiari ya kulipa, hesabu yote ya urari imekwisha kuharibika.