Boksi la Kukata kwa Kipimo

Ukiuza vikombe vya udongo kwa simu, mteja yuko Mwanza nawe uko Kariakoo, faida yako inalindwa na boksi. Kikombe kikifika kimepasuka, mtaji umekwenda. Boksi likizidi ukubwa, nauli imekula faida. Katikati ya hasara hizo mbili ndipo anapofanyia kazi mfungaji hodari, na namjua mama mmoja ambaye sichoki kumtazama.

Boksi jipya hanunui. Huchagua yale ambayo maduka yameshamaliza kuyatumia, na kila moja hulibinya ukingoni kwa dole gumba. Ndani ya ukuta wa boksi mna karatasi ya mawimbi iliyobanwa baina ya karatasi mbili bapa, na humo ndimo zilimo nguvu zake. Mawimbi yakishalala, boksi hilo huliweka kando. Likiwa limeloa hulikataa kabisa, hata kama limekauka tena.

Hupanga vikombe kwanza, kisha akaweka alama vidole vitatu juu yake. Hupasua pembe nne kutoka juu hadi kwenye alama, halafu huburuza mgongo wa mkasi kando ya rula ili karatasi ipate mkunjo bila kukatika. Kuta nne zikilazwa, zinakuwa mfuniko mpya.

Mikato hiyo minne ina hesabu. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hulinganisha uzito halisi na ujazo, zikatoza kwa kilicho kikubwa. Kipimo kinachotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, jibu ni kilo. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata ukijaza pamba. Shusha kimo hadi 15, zinabaki 3.6.

Kwenye vikombe hana haraka. Husokota kipande cha gazeti akakipenyeza kwenye kishikio, kwa kuwa hapo ndipo panapovunjika mapema, ndipo akizungushie kikombe kizima. Hakuna kinachogusa mwenzake wala ukuta wa boksi. Sahani huzisimamisha kwa ukingo, maana iliyolala hupokea kishindo tumboni. Akimaliza hutikisa karibu na sikio. Likisikika lolote, anafungua na kuongeza gazeti. Solotepu hupita mara moja kwenye mshono na mara moja kila ukingo. Haongezi nyingine.

Wengi humsifu kwa kubana matumizi. Mimi naona sifa yake imetangulia hapo: huuliza kwanza kitu kitaumia wapi na kinahitaji nafasi kiasi gani, na gharama hushuka kwa kufuata majibu hayo. Kwa hiyo anayeanza kuuza mtandaoni asikimbilie maboksi yenye nembo ya duka lake. Anunue rula, mkasi na kisu kikali, akae na bidhaa yake mpaka ajue udhaifu wake.