Rangi ya Makopo ya Edward Tingatinga

Siling bodi moja ina upana wa futi nne na urefu wa futi nane. Ikikatwa vizuri hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, bila kubaki hata ukingo wa kutupa. Kwa vipande vya namna hiyo, na rangi ya kopo ileile inayopakwa kwenye baiskeli na milango, Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu, tangu 1968 hadi alipofariki mwaka 1972. Zaidi ya nusu karne imepita, na huko Oysterbay, Dar es Salaam, wachoraji bado wanakaa kitako na kuchora kwa mtindo alioanzisha.

Hakusomea uchoraji popote. Alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932, na katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali. Alipoanza kushika brashi alikuwa na miaka 36, na michoro yake iliuzwa nje ya Morogoro Stores, mahali ambapo wageni wengi wa Oysterbay walikuwa wakifanya manunuzi.

Rangi ya kopo ina masharti yake. Ni nzito, inang'aa, na haina haraka ya kukauka. Kwanza ubao mzima hupakwa rangi moja ya chini, kisha huwekwa pembeni, mara nyingi hadi kesho yake. Ndipo mnyama huchorwa juu yake, na madoadoa huwekwa mwishoni. Asiye na subira akiweka doa jeupe juu ya jeusi bichi, rangi mbili hizo huvujiana na chui akageuka tope. Basi Tingatinga hakuhangaika na vivuli wala umbali. Kila rangi ilikaa mahali pake, na kila umbo lilikuwa na mpaka ulio wazi.

Chui wake mara nyingi hujaza ubao wote. Mkia ukikosa nafasi, hujikunja kufuata ukingo. Macho ni ya duara, yamemkazia mtazamaji, na nyuma ya mnyama hakuna kitu ila rangi tupu, labda na kijiti au ndege mmoja. Aliyezoea michoro ya siku hizi, yenye Kilimanjaro, mbuyu, kundi la twiga na samaki wa kila aina katika ubao mmoja, hushangaa kuona Tingatinga mwenyewe alivyokuwa mchache wa maneno.

Alikufa kifo cha kusikitisha. Alikuwa ndani ya gari polisi walipolifyatulia risasi, wakidhani limebeba wezi wanaotoroka. Alikuwa na miaka 40.

Kazi haikusimama, kwa sababu hakuwa akichora peke yake. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeus Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata walijifunza kwake, na baadhi yao walikuwa ndugu zake. Hapakuwa na darasa wala ada: mwanafunzi alikaa karibu na fundi, akatazama, akajaribu. Vifaa vilikuwa vya bei nafuu, hivyo hata kijana aliyetoka kijijini juzi aliweza kuanza. Baada ya msiba wanafunzi hao waliendelea pamoja, na mwaka 1990 ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ukaanzishwa. Mpata alihamia Kenya, michoro yake ikapendwa sana Japani, na hoteli moja ya Maasai Mara ina jina lake hadi leo.

Wapo wanaolalamika kwamba mtindo huu umekuwa bidhaa ya watalii, simba yuleyule akirudiwa mara mia. Lawama hiyo ina ukweli wake, maana soko hupenda kinachouzika. Lakini wanaorudia si mashine. Mmoja hupenda ndege, mwingine hospitali zilizojaa wagonjwa na vichekesho, mwingine mashetani. Chini kabisa, kwenye kona, kila mmoja huandika jina lake mwenyewe. Mteja hulisoma kwa shida, hulipa, kisha huenda kwao na kumwambia kila mgeni kwamba ule ukutani ni Tingatinga.